Mkutano wa Vigoda

Nyumba zetu za Izia, Sumbawanga, zilikuwa za shirika. Shirika lilipokufa, kama mashirika mengi yalivyokufa miaka ile ya soko huria, tuliambiwa kila anayeishi ndani ya nyumba aamue: anunue au ahame. Tukanunua. Mimi nilikuwa mpiga chapa wa shirika, na kiinua mgongo changu chote kiliishia kwenye kuta nne na bati lililokuwa likivuja upande wa jikoni. Sikulalamika. Siku niliyopata karatasi za nyumba nilipigilia msumari ukutani bila kumwomba mtu ruhusa, nikatundika kalenda ya mwaka uliopita kwa sababu ndiyo niliyokuwa nayo.

Shida ya kuwa na nyumba yako ni kwamba ule mtaro unaopita kati yako na wenzako unakuwa hauna mwenyewe. Zamani mtaro ukiziba tulikwenda kumsumbua ofisa utumishi, naye aliwatuma vibarua. Sasa ofisa utumishi alikuwa amerudi kwao na ofisi yake ilikuwa na kufuli. Tukaunda umoja wa wenye nyumba. Tukaandika katiba. Kifungu kimoja kilisema mkutano hautakuwa halali mpaka nusu ya nyumba ziwe zimehudhuria, na kwamba jambo lolote la mali ya pamoja lazima likubaliwe na zaidi ya nusu ya nyumba zote. Nilikipiga chapa mwenyewe, na nilikipenda. Niliona tumekuwa watu wazima.

Mkutano wa kwanza walikuja wote, mpaka na wageni wao. Wa pili walikuja nusu. Baada ya hapo tukabaki wanne: mwenyekiti, ambaye alikuwa rafiki yangu, mimi katibu, mweka hazina, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa duka na malori aliyenunua nyumba kutoka kwa mwenzetu aliyehama, na mzee mmoja, dereva mstaafu wa shirika, mjumbe wa kawaida, ambaye alikuja kila Jumapili kwa sababu mkewe hakutaka kumwona ndani alasiri. Tulikaa kwenye baraza la ghala tupu la shirika, tukisubiri wenzetu mpaka jua linapungua, halafu naandika kwamba mkutano umeahirishwa.

Wala hawakutuchukia. Mshahara ulikuwa hautoshi tena hata kwa mwenye kazi, na kila mtu alikuwa na mradi. Huyu ana kuku wa mayai, yule yuko sokoni na mitumba, mwingine amekwenda vijijini kununua mahindi kwa kuwa sasa kununua mahindi ilikuwa ruksa kwa yeyote mwenye gunia. Nilikutana nao njiani Jumatatu wakaniuliza kwa upole kabisa, "Jana mliamua nini kuhusu mtaro?" Nilikuwa nawajibu vizuri, lakini moyoni nilitamani kuwachapa na mwavuli.

Sasa niseme habari za miti, maana ndiyo niliyokuwa nahudhuria kwa ajili yake. Mtaro ungeweza kufukiwa wote mimi nisikose usingizi.

Mbele ya nyumba zetu, kati yetu na barabara, kulikuwa na mstari wa mikaratusi. Mtu asiyeijua Sumbawanga hawezi kuelewa maana ya mstari wa miti. Uwanda wa Ufipa ni nyasi na anga, na mwezi wa sita upepo unapoanza hakuna kinachouzuia. Unaingia chini ya mlango, unainua bati, unapeleka vumbi kwenye unga. Tulipohamia pale nyumba zikiwa mpya, meneja alileta miche na kusema kila nyumba imwagilie. Kiangazi cha kwanza wengi waliacha, na miche ikaanza kukauka. Waliobaki wakibeba maji walikuwa wawili, mimi na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenzangu, karani wa stoo. Tulibeba maji tuliyoogea, tuliyofulia, tuliyooshea vyombo. Watu walitucheka, wakatuita wake wa miti. Jioni tulikuwa tunapita mche hadi mche, tunachuchumaa na kusukuma udongo kuzunguka shina kwa mikono, huku tukiwasema wakubwa zetu wa kazini. Ile miti ilikua na masengenyo yetu ndani yake.

Huyo karani wa stoo ndiye baadaye aliyekuwa mwenyekiti. Tuliitana "jirani" tangu siku tuliyopewa funguo, mpaka watu wengine wakadhani ndilo jina. Alikuwa na maumivu ya mgongo, hakuweza kukaa mkekani, kwa hiyo nilimnunulia kigoda sokoni, cha miguu mitatu, kizito, cha mti mwekundu. Nilikiweka jikoni kwangu karibu na jiko la mkaa. Kilikuwa changu kwa kukinunua na chake kwa kukikalia. Mimi sikuwahi kukikalia, wala mgeni mwingine. Alikuwa anaingia bila kubisha hodi, namwambia karibu kiti, anakaa, ananyoosha mgongo, tunaanza. Mikutanoni tulisema Kiswahili. Jikoni kwangu tulisema Kifipa.

Baraza la ghala halikuwa na viti, hivyo kila mtu alikuja na chake. Mimi nilikuwa nabeba kiti cha kukunja nilichopewa ofisini wakati wanagawa vitu. Jumapili moja nyumba ya tatu walileta kigoda tu. Binti yao alikiweka barazani, akatuamkia shikamoo wote, akasema baba anakuja, akaenda zake. Baba hakuja. Kigoda kilikaa na sisi mpaka mwisho. Wakati wa kuandika mahudhurio yule mzee dereva alisema, kwa utani, niandike kwamba nyumba ya tatu imehudhuria na imekaa kimya kuliko sisi wote.

Tulicheka. Lakini Jumapili iliyofuata vililetwa vigoda viwili na kiti kimoja cha kamba, vyote bila wenyewe, na mwenyekiti hakucheka. Alisema, mnakumbuka enzi za foleni? Tulikumbuka. Sukari ilipoadimika tulikuwa tunaamka alfajiri kwenda dukani na kuweka jiwe kwenye mstari, au kopo, au kandambili moja, kisha tunarudi nyumbani kupika uji. Na jiwe liliheshimiwa. Hakuna aliyelisogeza. Jiwe lilikuwa mtu. Basi, alisema jirani, aliyeleta kigoda amekuja. Kigoda kihesabiwe, mkutano uwe halali, na kwa kuwa hakisemi, kifuate uamuzi wa mwenyekiti. Mtaro utazibuliwa lini tukiendelea kuahirisha?

Nilipinga, na nilipinga kwa ukali, ndivyo nilivyo. Nilisema jiwe lilimshikia nafasi mtu ambaye angerudi mwenyewe na mfuko wake. Jiwe halikununua sukari. Mweka hazina alisema dada una maneno, lakini Jumapili ngapi tumekaa hapa tunahesabu nzi? Mzee dereva alisema yeye amechoka, tupitishe tu apumzike. Basi likapita, na ukweli ni kwamba mwanzoni lilifanya kazi vizuri. Mtaro ulizibuliwa. Taa ya barabarani iliombwa. Watu walifurahi sana kuhudhuria kwa njia ile. Jumapili mchana ungeona vigoda vinapita mtaani vikibebwa na yeyote anayeelekea huko, vinawekwa mstari kwenye baraza, kila kimoja kinajulikana ni cha nani. Kile chenye ufa, cha familia ya mwalimu. Kile chenye mto wa kitambaa, cha mama wa mitumba. Nilikuwa nasoma ajenda mbele ya fenicha.

Mimi sikupeleka kigoda hata siku moja. Nilikwenda mwenyewe na kiti changu cha kukunja, nikakikalia.

Hoja ya miti ililetwa na mweka hazina. Alikuwa mtu mwenye adabu, aliongea taratibu, na hakuficha kitu. Alisema barabara inapata watu, mabasi yanapita, kila nyumba pale ingeweza kufungua genge au kibanda mbele ya uwanja wake, lakini nani atanunua kwenye kibanda kilichojificha nyuma ya msitu? Kulikuwa na mtu wa mbao aliyekuwa tayari kuikata na kuichukua yote, na visiki angevishughulikia. Nilisimama. Nilisema miti hii ni mali ya pamoja, na inatukinga na upepo, na mafua yakiingia kila nyumba inachuma majani yake kujifukiza, na mimi sikubali, na andikeni kwamba sikubali. Kisha nikakumbuka kwamba mwandishi ni mimi, nikakaa nikaandika.

Jirani alikuwa ametazama chini muda wote. Alisema tu, "Tuiache kwanza." Nilimshukuru kwa macho.

Nilijua alikuwa na mpango wa mgahawa. Alikuwa ameniambia: chai, chapati, wali na maharage, benchi mbili mbele ya nyumba yake. Nilimsifia. Nilimwambia nitamwandikia kibao kwa herufi za kuchonga vizuri. Haikunijia kabisa akilini kuuweka ule mgahawa na ile miti kwenye wazo moja. Unapomjua mtu kwa muda mrefu kuna mahali huwazi tena.

Mwezi wa tano mwishoni dada yangu wa Milepa alivunjika mguu, na mpunga wake ulikuwa umeiva shambani. Hapakuwa na wa kumsaidia ila mimi. Kushuka Milepa ni kushuka kweli: unaiacha baridi juu, unaufuata ukingo wa bonde kona kwa kona, na ukifika chini unavua sweta na kuanza kuua mbu. Kabla ya kuondoka nilimpa jirani ufunguo wa nyumba awalishe kuku wangu. Tulikuwa jikoni, yeye kwenye kigoda chake. Nilimwambia, kwa Kifipa, kwamba kama nikiwa sipo wataileta tena hoja ya miti, aisemee.

"Nenda jirani," alisema. "Mimi si nipo."

Nilikaa Milepa mpaka mpunga wote ukapurwa na dada akaweza kusimama na fimbo. Kulikuwa na jirani zake wafugaji, wahamiaji kutoka kaskazini-magharibi, walitusaidia kusomba kwa mkokoteni wa ng'ombe, na jioni mama wa nyumba ile alikuja kutujulia hali yeye mwenyewe, kwa miguu, hata siku alizokuwa mchovu. Nilimsimulia dada habari za vigoda vya Izia akacheka mpaka mguu ukamuuma.

Nilirudi na lori la mpunga, nimekaa mbele na dereva, kijana mchangamfu asiyeujua mji vizuri. Tulipoingia Izia nilimwambia anishushe penye mstari wa mikaratusi, upande wa kushoto, ataiona tu. Nikajitayarisha, nikashika kifurushi changu. Tukaenda, tukaenda. Dereva akaniuliza, "Mama, miti iko wapi?" Nilikuwa natazama nje kwa makini na sikuiona. Tulikuwa tumefika kwenye maduka ya mbele ndipo nilipojua kwamba tumepita nyumbani kwangu. Nilipita nyumbani kwangu macho yakiwa wazi.

Nilirudi kwa miguu dhidi ya upepo. Nyumba zetu zilionekana ndogo na zenye aibu, kila moja na bati lake na nguo zake kwenye kamba, zote zikitazamwa na barabara. Visiki vilikuwa bado vyeupe na vinanuka dawa ya kifua. Mbele ya nyumba ya jirani kulikuwa na benchi mbili mpya na turubai, na turubai lilikuwa linapigwapigwa na upepo. Mwenyewe hakuwepo.

Mzee dereva alikuwa kwenye ngazi za nyumba yake. Nilimwamkia shikamoo, hata sikusubiri marahaba yake iishe, nikamuuliza nani aliruhusu. Alinitazama akashangaa.

"Si ulikubali?" alisema.

Nikamwambia nilikuwa Milepa. Akasema anajua nilikuwa Milepa. Kisha akanisimulia polepole, na kadiri alivyosimulia ndivyo naye alivyokuwa anaelewa. Jumapili ile walikuwa watatu na vigoda. Mwenyekiti alisoma hoja ya miti, akasema yeye anakubali. Mweka hazina akakubali. Mzee mwenyewe alikataa, alitaka nijue hivyo, alikataa. Vigoda vikamfuata mwenyekiti. Wakahesabu. Kilipungua kimoja. Zaidi ya nusu ya nyumba zote haikufika, kwa kigoda kimoja tu.

"Mweka hazina akasema basi, tutaijadili siku nyingine," alisema mzee. "Mwenyekiti akasema ngojeni kidogo. Akainuka, akaenda kwako, akafungua mlango, akarudi na kigoda chako. Akakiweka mstarini. Mwanangu, mimi nikajua umemwachia maagizo. Nyie si ndugu?"

Sikumlaumu. Angefikiri nini kingine? Aliona mwanamke mwenye ufunguo wa nyumba yangu akibeba kigoda changu mchana kweupe, haendi kwa kunyata, hajifichi. Ndicho kilichoniuma kuliko yote, kwamba hakujificha. Alitembea hatua zile zote kutoka barazani mpaka jikoni kwangu, akawapita kuku wangu, akakishika kile kigoda nilichomnunulia kwa ajili ya mgongo wake, akatembea hatua zile zile kurudi, na mahali popote njiani angeweza kugeuka. Nimeibiwa vitu maishani, nimewahi kuvunjiwa dirisha, lakini sijawahi kuchukuliwa mimi mwenyewe nikakalishwa kwenye mstari nikubali kitu nilichokikataa.

Nilifungua nyumba. Kuku walikuwa wamenona, niseme haki. Mahindi yao yalikuwa kwenye kopo, maji yalikuwa safi. Kigoda kilikuwa kimerudishwa mahali pake karibu na jiko, kimefutwa vumbi. Vumbi lenyewe lilikuwa juu ya kila kitu kingine: sufuria, kalenda, kitanda. Niliwasha mkaa kwa shida kwa sababu upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu miti ilipofika urefu wa dari. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha nikapika ugali maana nilikuwa na njaa.

Alikuja jioni hiyo hiyo. Safari hii alibisha hodi. Nilijua ni yeye kwa jinsi alivyokohoa, na nilijua pia kwamba mzee ameshamwambia, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwahi kubisha hodi kwangu. Alisukuma mlango, akasimama kizingitini, na kanga yake ikapeperuka ndani kabla yake. Aliniuliza hali ya dada. Nikamjibu. Aliniuliza habari za mpunga. Nikamjibu.

Nilimuuliza kwa Kifipa kwa nini hakuningoja, au hata kunitumia ujumbe kwa lori, malori yalikuwa yanashuka kila siku. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo. Nilitaka aniambie mweka hazina alimshinikiza, au kwamba alikosea hesabu, ningejilazimisha kuamini.

"Ningekuuliza ungekataa," alisema.

Alinijibu kwa Kiswahili. Kile cha barazani, cha kusoma hoja na kufunga mkutano. Akaongeza, kwa Kiswahili hicho hicho, kwamba utaratibu ulifuatwa na kila nyumba itafaidika, hata mimi nikitaka nifungue kibanda, nina mkono mzuri wa maandazi.

Nilikuwa nafikiria maji ya kuogea tuliyoyabeba kwa ndoo, yeye na mimi, na mikono yetu yenye udongo. Nilitaka kumuuliza kama wakati mtu wa mbao anakata alisikia kitu, lakini niliogopa angenijibu tena kwa Kiswahili.

Alibaki pale kizingitini, mkono mmoja umeshika mgongo, na upepo unapita pande zake zote mbili unaingia jikoni. Alikitazama kigoda. Na mimi nikakitazama. Hakuwa mtu wa kukaa bila kukaribishwa siku ile, na nilijua anasubiri nini: yale maneno mawili tu, karibu kiti, ambayo mtu humwambia hata mdai kodi, hata mtu aliyekuja kuleta habari mbaya. Yalikuwa mdomoni.

Nikakivuta kile kigoda kwa mguu, nikakikalia mimi. Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani.

Kisha akasema haya, jirani, na akatoka, na akaufunga mlango vizuri nyuma yake kwa ajili ya upepo.